Migomba ya Nyuma ya Wodi

Siku mliyoniaga mlinipa kanga, birika na maneno mengi mazuri. Halafu yule mdogo wenu, anayeuliza maswali mpaka chai inapoa, akasimama akasema, "Bibi, tuambie, nani alikufundisha kazi?" Nikamjibu kwa kifupi, maana keki ilikuwa inasubiri na mgeni rasmi alikuwa na haraka zake. Sasa nimekaa kibarazani kwangu Rwamishenye, sina zamu, sina kengele, na jibu refu ndiyo kwanza linanijia. Alinifundisha mwanamke ambaye sikumpenda. Nilimwogopa, nikamkasirikia, nikamchunguza kila alipopita, na katika kumchunguza ndipo kazi ikaniingia. Habari za vyeo sitaziandika. Ziko kwenye mafaili, na panya wa masjala wanazijua kuliko mimi. Nitaandika habari za Sista Rebeka na migomba yake.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Hospitali yetu ya misheni ilikaa juu ya kilima upande wa Muleba, nami nilitoka mjini Bukoba kwa lori lililokwenda kuchukua kahawa, nimekalia magunia matupu, sanduku langu la bati mapajani. Nilikuwa nimetoka shule, nina Kiswahili cha vitabuni na Kiingereza cha kuombea ruhusa tu. Nilidhani kuna mtu atakayenipokea kwa "karibu mwanangu." Mlangoni nikamkuta mama wa makamo, Mhaya kama mimi, mfupi, gauni lake jeupe limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea. Hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu.

"Wewe ndiye Kemilembe?"

"Ndiyo, Sista."

"Unakanyaga kwa kisigino. Humu ndani kuna wazazi wamelala. Rudi kwenye lori, uje upya."

Nikarudi kwenye lori! Dereva alicheka mpaka akaegemea usukani. Nikaja tena, safari hii kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku, na Sista Rebeka akasema, "Afadhali." Hilo ndilo neno la sifa kubwa kuliko yote nililopata kwake mwaka ule.

Jioni hiyohiyo alifungua sanduku langu, akatoa kila kitu, akakipanga upya jinsi alivyotaka yeye. Akanikata kucha kwa mkono wake. Akanionyesha kitanda changu, na upande wa kulalia. Naam, upande! Alisema anayelalia kushoto huamka na uso wenye mikunjo, na mgonjwa hapaswi kuanza siku yake kwa kuangalia mikunjo. Mpaka leo sijui kama hilo lina ukweli wowote. Nimelalia kulia maisha yangu yote.

Wodini kila kitu kilikuwa na namna yake, na namna ilikuwa moja. Pembe za shuka zilikunjwa sawasawa, na kama pembe moja ilikosea alivua kitanda chote ukaanza mwanzo. Beseni la enameli lilibebwa kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, si ubavuni. Bendeji zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa upande wa jua la asubuhi, zikakunjwa na yeye mwenyewe kwa sababu sisi wengine, kwa maneno yake, tulikuwa tunakunja chapati. Barua zetu alizifungua. Ya kwanza kutoka kwa kijana aliyekuwa ananichumbia ilinifikia imesahihishwa kwa penseli, na pembeni ameandika: "Anaahidi mno." Nilikasirika nikalia. Baadaye, kusema kweli, ilionekana kijana yule alikuwa anaahidi mno.

Amri iliyotuuma zaidi ilikuwa ya kupiga magoti. Nyinyi wa siku hizi mnapunga mkono tu mkapita, lakini sisi tulilelewa kwamba msichana humwamkia mkubwa akiwa chini, magoti yamegusa ardhi. Sista akasema wodini hakuna kupiga magoti. "Aproni haifagii sakafu," alisema. Basi wakawa wanakuja bibi wa watu kuwaona binti zao, sisi tumesimama wima kama nguzo za simu, nao wakituangalia kwa huzuni na kuulizana hawa watoto wamelelewa na nani. Na Kihaya pia kilikatazwa tukiwa kazini. Kiswahili tu, ili kila mtu asikie kila kitu.

Zawadi nazo marufuku. Mwenzangu Asteria, msichana wa Kagondo, mcheshi, mwenye njaa wakati wote, alipokea kuku kutoka kwa mume wa mzazi mmoja. Kuku yule hakufika jikoni. Sista alimpa Asteria nusu siku ya ruhusa, ruhusa ya kumrudisha kuku kwa miguu mpaka kijijini kwa mwenyewe. Asteria alirudi jioni vumbi mpaka kwenye nyusi. "Yule mzee amelia," akaniambia. "Nami nimelia. Kuku peke yake ndiye aliyefurahi."

Nisimwonee. Alikuwa fundi. Tulikuwa na ile pembe ya mbao ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, mdomo mmoja kwenye tumbo la mama, mwingine kwenye sikio lako. Mara ya kwanza nilisikia ngurumo tu, nikasema nasikia. Akaniambia, "Unasikiliza moyo wako, kwa sababu unaogopa. Tulia mpaka wako uondoke njiani." Akaniacha nimeinama pale mgongo ukauma, na kweli, moyo wangu ukapungua kelele, na nyuma yake nikasikia mwingine, mdogo, wa haraka haraka. Mama wee! Nilitaka kuruka. Sista akanikumbusha kwamba kisigino bado ni kisigino.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole, asiyesema mengi. Alikuja asubuhi, akapitisha kidole juu ya kabati, akakiangalia kidole, akakuta hakina kitu, akaandika, akaenda zake kwenye upasuaji. Hakuwa na la kuuliza. Wodi ya wazazi ilikuwa ya Sista Rebeka, na sisi tulikuwa vyombo vyake.

Sasa nifike kwenye mambo mawili yaliyokuwa yananinyima raha. Mimi ni mtu wa kudadisi, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiuliza mlango uko wapi.

Jambo la kwanza ni ndoo. Chumba cha kuzalia kilikuwa na ndoo nyeupe yenye kifuniko, ambamo kondo la nyuma liliwekwa baada ya kuzaa. Amri ya Daktari ilikuwa kwamba uchafu wote wa wodi upelekwe kwenye shimo la kuchomea. Vitambaa, pamba, yote tulipeleka sisi. Lakini ndoo nyeupe hatukuruhusiwa kuigusa. Mwanamke ambaye hakuinua hata kijiko kilichoanguka, maana wa kukiinua walikuwepo, ndoo ile aliibeba mwenyewe, mchana, baada ya wazazi kulala, akatokea mlango wa nyuma. Kazi ya mwisho ambayo mkubwa angejichagulia. Kwa nini?

Jambo la pili ni ndizi. Nyuma ya wodi kulikuwa na kibanja cha hospitali, migomba mizuri ajabu, imetandazwa majani chini, imepunguzwa, imenyooka. Mikungu ilining'inia minene, na mpishi hakuruhusiwa kukata hata mmoja. Tulikula matoke ya kununua kwa majirani huku yetu yanakomaa mbele ya macho! Baadhi ya migomba ilifungwa kitambaa cha bendeji kuukuu shinani. Mkungu ukikomaa Sista aliukata mwenyewe, akaupakiza kwenye baiskeli ya mtu au lori linalopita, kuelekea Kamachumu, Nshamba, popote.

"Unakwenda kwa nani, Sista?" nilimuuliza siku moja.

"Kwa wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Ni wale ambao si wewe. Kabati la dawa lina vumbi."

Halikuwa na vumbi. Tukawa na mawazo yetu. Asteria alisema Sista anafanya biashara ya ndizi. Mimi nilisema hapana, mfanyabiashara hawezi kuwa na viatu vilivyotiwa viraka namna ile. Nilidhani labda ana ndugu wengi waliotawanyika. Asteria akasema basi ndugu zake ni wilaya nzima. Tulicheka, hatukujua kwamba amekaribia sana.

Kisha akaja Koku.

Alibebwa kwa machela kutoka Kimwani, mbali huko kusini, wamelala njiani. Hatukuwa tumewahi kupata mzazi wa kutoka huko. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, haongei. Aliyeongea ni mama mkwe wake, Ma Nyamwiza, mwanamke mrefu aliyevaa shuka mbili na asiyezoea kumtii mtu. Wabeba machela waliweka mzigo chini pale aliponyoosha kidole, si pale tulipowaambia sisi. Nilimwangalia Sista, nikamwangalia mama yule, nikajisemea leo patachimbika.

Koku alijifungua asubuhi iliyofuata, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Kondo halikutoka. Damu ikatoka badala yake. Wanangu, mmesoma mambo haya kwenye vitabu vyenye picha. Mimi niliyasoma kwenye mikono ya Sista Rebeka. Hakupaza sauti. "Kemilembe, maji. Asteria, miguu yake juu. Kemilembe, kanda tumbo, hapa, kwa nguvu, usimwonee huruma." Yeye akaingiza mkono, akalitoa kondo taratibu akiongea na Koku kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuusikia ukielekezwa kwetu. Damu ikapungua, ikawa matone. Koku alikuwa ameparara, midomo haina rangi. Daktari alikuja, akaangalia, akasema alale bila kutikiswa mpaka yeye aseme basi. Akitikiswa, damu ingefunguka tena, na nje ya hospitali hakuna wa kuizuia.

Sista akafunika ndoo, akaiweka pembeni. Ndipo Ma Nyamwiza akasimama mlangoni.

"Nipeni," akasema.

Hakujua Kiswahili kingi. Nikawa mkalimani, maana Sista alisimama na sheria yake ya lugha hata siku ile. Nikamwambia mtoto ataletwa akishaoshwa.

"Sisemi mtoto. Mtoto nimemsikia. Nipeni kilichomlea tumboni, nikakizike nyumbani."

Nikatafsiri. Sista akasema haiwezekani, safari ni ndefu, jua ni kali, na amri ya hospitali ni amri.

Ma Nyamwiza akakaa chini palepale kizingitini, akatusimulia. Kwao kondo huzikwa kibanjani, chini ya mgomba, na mgomba ule unakuwa wa mtoto. Mkungu wake huliwa na watu wa nyumba tu. Mgeni hapewi hata kipande, awe nani. Koku alikwisha kuzaa mara moja kabla, kwenye zahanati moja huko njiani, na kondo likatupwa shimoni pamoja na takataka. Mtoto yule hakumaliza mvua za kwanza. Wa pili alizaliwa nyumbani, akaja amekufa. "Huyu wa tatu nimemleta kwenu kwa sababu mwanangu amenisihi," akasema. "Mkimtupia nusu yake shimoni, mtoto hatakaa. Basi sitaacha wote wawili hapa. Nawaita wabebaji."

Hakuwa anatishia. Akatoka, na kupitia dirishani nikawaona wale wanaume wanafunga upya kamba za machela. Koku kitandani alikuwa anasikia kila neno. Akanishika aproni, akaninong'oneza kwa Kihaya, "Waitu, dada, nikienda nitafia njiani, sivyo?" Nilikuwa msichana tu, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni hasira. Nilimkasirikia bibi yule, lakini nilimkasirikia Sista zaidi. Ndoo! Kwa ajili ya ndoo ya damu na ukaidi wake, mtu afe? Nikamwendea nikamwambia, mara ya kwanza kumpandishia mtu mkubwa sauti, "Sista, si umpe tu! Nani atajua?"

Akaniangalia. "Umekanyaga kwa kisigino," akasema. Akachukua ndoo, akatoka mlango wa nyuma. Njiani akampita Ma Nyamwiza, akamwonyesha kwa kichwa amfuate.

Nilimwachia Asteria mgonjwa, nikasema nakwenda kuleta maji. Nilikwenda kweli, lakini kwa njia ya kibanjani. Nikajibanza nyuma ya mgomba.

Nilichokiona sijawahi kukisahau. Sista Rebeka aliweka ndoo chini, akaikunja ile aproni yake pembeni kidogo, hata haikusaidia, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya bibi yule. Magoti yote mawili, kichwa kimeinama, mikono mbele. Akamwamkia kwa Kihaya, salamu ndefu, ya nyumbani, ya jikoni kwa mama, na bibi akaitikia kila kituo kwa sababu salamu namna ile huwezi kuiacha bila kuitika hata ukiwa na hasira ya namna gani. Nilikuwa sijawahi kusikia Kihaya chake. Kilikuwa cha vijijini kabisa, kitamu.

Kisha akainuka, akaanza kutembea katikati ya migomba iliyofungwa bendeji, akaigusa mmoja mmoja. "Huu ni wa binti wa Kamachumu. Sasa anatambaa. Huu ni wa mapacha wa mke wa katekista, nimewatenga, huu na ule. Huu ni wa kijana wa Nshamba, mkorofi, amemng'ata mama yake juzi wakati namtazama meno. Huu mama yake alifariki. Mkungu nampelekea nyanya yake." Akaendelea hivyo. Hakuwa na kitu alichoandika. Aliijua kama mnavyojua majina ya wadogo zenu. "Kila mtoto ana mgomba wake. Mama akimleta mtoto kupimwa, nikaona amenenepa, nampa mche kutoka shina hili akapande kwao. Asiyemleta mtoto, hapati mche. Na mkungu wa hapa, mpaka mche wa nyumbani uzae, nawapelekea wenyewe."

Kumbe! Ndizi za baiskeli, ndoo, bendeji. Wanawake wote wa wilaya waliowahi kuzalia pale walilijua jambo hili. Aliwaambia mtoto akipimwa, nao wakalihifadhi. Sisi wenye magauni meupe, tuliolala mita chache kutoka pale, ndio hatukujua.

Ma Nyamwiza hakuwa mwepesi. "Nitajuaje kwamba hutalitupa nikigeuka?"

"Zika mwenyewe. Chagua mgomba."

Bibi akazunguka, akachagua mmoja mnene karibu na ukingo. Sista akatikisa kichwa. "Huo una fukusi shinani. Chukua ule."

"Nimechagua huu."

"Utaanguka kabla ya masika."

"Wewe unajua migomba kuliko mimi niliyeolewa kibanjani kabla hujaota meno?"

"Ya hapa, ndiyo."

Walibishana pale, wanawake wawili ambao hakuna kati yao aliyewahi kuambiwa hapana, na mimi nikasahau kabisa kwamba kuna mtu yuko hatarini, nilitaka tu kujua nani atashinda. Bibi akapiga teke shina la mgomba wake. Likabonyea. Akaguna, akaenda kwenye ule mwingine, kana kwamba ni yeye aliyeupendekeza.

"Kemilembe," akasema Sista bila kugeuka, "mpelelezi havai kofia nyeupe. Njoo na jembe, liko nyuma ya tangi."

Nilichimba mimi. Sikuchimba vizuri, niliambiwa mara kadhaa. Shimo liwe la kina, liwe wima, udongo wa juu uwekwe kando yake na wa chini kando yake. Ma Nyamwiza akaweka alichokuja kukitaka, akafukia kwa mikono, akasema maneno yake ambayo hayanihusu. Sista akatoa bendeji mfukoni akafunga mgomba. Bibi akainuka, akajikung'uta, akatokea mbele ya wodi, akawaambia wabebaji wafungue kamba, wakatafute pa kulala. Nilikimbia kumwambia Koku. Nilikanyaga kwa visigino vyote viwili, na hakuna aliyenisema.

Jioni tukifua aproni yake yenye udongo magotini nilimuuliza, maana sikuweza kuvumilia. "Sista, kwa nini hukutuambia?"

"Kwa sababu mnaongea."

"Na Daktari?"

"Daktari anataka viondoke wodini viende nyuma. Vinakwenda nyuma. Mchungaji naye angesema ni upagani, na angekuwa na sehemu ya haki, sijui, nitaulizwa na Mungu. Lakini nilipoanza kazi hapa vitanda vilikuwa vitupu. Wanawake walikuwa wanafia majumbani kwa sababu ya shimo lile." Akakamua aproni. "Unadhani kwa nini nawasumbua na pembe za shuka? Mahali pasipo na kasoro hakuna anayefungua mlango wa nyuma."

Nilifikiri nimempata, nimemwelewa mpaka mwisho. "Kwa hiyo hata kulalia upande wa kulia ni kwa sababu hiyo?"

"Hapana," akasema. "Hiyo ni mikunjo."

Msije mkasema alikuwa malaika aliyejificha. Alichosha. Mwaka ule na mwingine uliofuata alinivulia vitanda, alinirudisha mlangoni, alinikataza kunywa chai kwa sauti. Alitawala kwa sababu ilikuwa lazima, na alitawala pia kwa sababu alikuwa anapenda, na nimekaa miaka mingi nikijaribu kutenganisha mambo hayo mawili bila kufaulu. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nachimba mashimo, na nilianza kuyajua majina.

Koku alilala mpaka Daktari aliposema basi. Ma Nyamwiza alibaki naye, akapika, akakosoa upishi wa hospitali, akamfundisha mpishi mambo ambayo mpishi hakuomba. Walipomleta mtoto kupimwa, mara ya kwanza alikuwa hajaongezeka vya kutosha, na Sista akakataa kutoa mche. Wametoka Kimwani! Bibi alifoka, Sista akasimama. Waliondoka mikono mitupu, na mimi usiku ule sikumpenda tena. Waliporudi mtoto alikuwa ameongezeka, mashavu kama maandazi. Mche ukang'olewa, ukafungwa kwa majani yake mwenyewe, Ma Nyamwiza akaubeba kichwani mpaka kwao.

Baada ya hapo kimya. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Kimwani ni mbali, na barabara ya wakati ule haikuwa barabara. Nilikuwa nawaza juu yao kila nilipopita kwenye ule mgomba wenye bendeji. Watoto walikuwa wanakufa kwa homa, kwa surua, kwa chochote. Sista hakuwataja. Lakini nilimwona mara nyingi akisimama pale, akapukuta majani makavu ambayo hayakuwepo.

Siku moja, baada ya wazazi kula mchana, nilisikia sauti ya kutoa amri uani. Nikatoka. Ma Nyamwiza alikuwa anamwelekeza mlinzi wetu jinsi ya kufungua geti. Nyuma yake Koku, amenawiri, sikumtambua mara moja, amemshika mkono mtoto wa kike anayetembea kwa miguu yake mwenyewe, anakanyaga kwa visigino pu pu pu kwenye sakafu ya baraza. Kichwani kwa bibi kulikuwa na mkungu wa ndizi.

Sista Rebeka alitoka. Akamwangalia mtoto kuanzia miguuni, kama alivyoniangalia mimi. Sikumsikia akisema neno juu ya kisigino. Kisha akaona mkungu, na uso ukarudi kazini.

"Hapa hatupokei zawadi," akasema kwa Kiswahili.

Ma Nyamwiza akashusha mkungu barazani. Safari hii hakuhitaji mkalimani. Inaelekea alikuwa amejifunza sentensi hizo njiani. "Hii si zawadi. Mgomba wa mtoto umezaa. Hizi ni za watu wa nyumba, na wa nyumba amebaki mmoja hajala."

Nikasikia Asteria nyuma yangu anavuta pumzi. Sista alisimama pale. Akashika ukingo wa aproni yake, akauachia. Halafu akageuka akasema, "Asteria, unangoja nini na kisu? Na usimenye nene, unatupa nusu ya ndizi."

Tulizipika jikoni kwa hospitali. Sista alisimamia sufuria, akasema moto ni mkubwa, akasema majani ya kufunikia yamewekwa kinyume, akasema chumvi kidogo. Tukatandika mkeka nyuma ya wodi, chini ya ile migomba. Mimi na Asteria tulikaa kando, maana sisi hatukuwa watu wa nyumba ile na tulijua hatutapewa. Matoke yakawekwa kwenye jani, yanafuka. Sista akanyoosha mkono, akausimamisha, akaanza kuuliza kama mtoto ameoshwa mikono, na kama Koku anakunywa maziwa, na nani alichimba shimo la ule mche huko Kimwani na kwa kina gani.

"Rebeka, mwanangu," akasema Ma Nyamwiza. "Kula."

Akala. Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akifanya alichoambiwa.